Makubaliano ya Wasiojuana: Maneno ya Intaneti Yalikotoka

Mtu akinunua bando, akawasha data na kusubiri ukurasa ufunguke, hukutana na maneno ambayo pengine hakuna aliyewahi kumfafanulia: seva, ruta, IP, kikoa, kivinjari. Wengi huyaacha yapite wakidhani ni msamiati wa mafundi. Naamini njia nzuri ya kuyaelewa ni kuyafuata hadi yalikozaliwa, kwa sababu karibu kila moja lilizaliwa pale watu fulani walipokwama, wakakaa chini na kukubaliana namna ya kujikwamua. Intaneti haina mmiliki mmoja wala makao makuu. Kinachoishikilia ni makubaliano hayo, na mengi yalifikiwa na watu ambao hawakuwa na uwezo wa kulazimishana.

1966: Terminali tatu ofisini

Bob Taylor aliongoza idara ya kompyuta ya ARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ofisini kwake, ndani ya Pentagon, kulikuwa na terminali tatu. Ya kwanza iliungana na kompyuta iliyokuwa Santa Monica, ya pili na Berkeley, ya tatu na chuo cha MIT. Kila moja ilikuwa na amri zake na namna yake ya kuingia. Akiwa anawasiliana na watu wa Berkeley, akataka kumshirikisha mtu wa MIT, ilimbidi ainuke, ahamie terminali nyingine, aanze upya. Kompyuta za wakati huo zilijaza chumba kizima na ziligharimu fedha nyingi, na kila chuo kilichofadhiliwa na ARPA kilitaka kununuliwa yake.

Taylor akajiuliza kwa nini terminali moja isifike kote. Akamwendea mkuu wake, Charles Herzfeld, akatoka na dola milioni moja za kuanzia.

Husemwa mara nyingi kwamba intaneti ilijengwa ili ihimili vita vya nyuklia. Taylor mwenyewe alilikanusha hilo maisha yake yote. Lengo lilikuwa kugawana mashine ghali, na humo ndimo ilimo maana ya mtandao wa kompyuta: kompyuta mbili au zaidi zilizounganishwa ili moja itumie kilicho katika nyingine. Inayohudumia huitwa seva, inayoomba huduma huitwa mteja. Simu yako inapofungua habari za asubuhi, yenyewe ni mteja. Seva ni kompyuta iliyohifadhi habari hizo, iwe Nairobi au Frankfurt.

1969: Pakiti na ruta

Kuziunganisha namna gani? Mfano uliokuwapo ni simu. Ukimpigia mtu, swichi za kampuni zilikutengea njia nzima kutoka kwako hadi kwake, na njia hiyo ilibaki yenu hata mkinyamaza. Kwa maongezi ya watu hilo halikuwa tatizo. Lakini kompyuta hutuma kitu kwa muda mfupi sana, kisha hukaa kimya. Kuitengea njia nzima ni kulipia ukimya.

Watu wawili walifikia jibu lilelile bila kujuana. Paul Baran wa shirika la RAND, Marekani, ndiye hasa aliyekuwa akiwaza kuhusu vita, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipendekeza ujumbe ukatwekatwe vipande. Mwaka 1965 Donald Davies, wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, akawaza vivyo hivyo, na ndiye aliyekiita kipande hicho pakiti.

Fikiria fundi wa Moshi anayetuma kabati kubwa Dar es Salaam kwa mabasi. Hulifungua vipande, kila kipande akakiandika namba na jina la mpokeaji, kisha akakipakia kwenye basi lolote lenye nafasi. Vikifika, mpokeaji huviunga kwa kufuata namba, hata kama kipande cha tisa kimetangulia cha pili. Kikikosekana kimoja, huagiza hicho tu. Picha unayotuma leo kwa simu husafiri hivyo: hukatwa maelfu ya pakiti, kila moja ikibeba anwani ya inakotoka, anwani ya inakokwenda na namba ya nafasi yake.

Mashine inayoamua pakiti ipite wapi ndiyo ruta. Haijali kilichomo ndani. Husoma anwani, ikaangalia jedwali lake, ikaikabidhi pakiti kwa ruta jirani iliyo upande wa safari. Hakuna ruta hata moja inayoijua dunia nzima. Kila moja inawajua majirani zake, na hilo latosha. Babu wa ruta zote yalikuwa makabati mazito ya chuma yaliyoundwa na kampuni ya BBN ya Massachusetts, na la kwanza lilifika chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, mwaka 1969.

Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, saa nne na nusu usiku, mwanafunzi aitwaye Charley Kline aliketi pale UCLA akajaribu kuingia katika kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford, zaidi ya kilomita 500 kaskazini. Alipaswa kuandika LOGIN. Akabonyeza L, akauliza kwa simu kama imefika. Imefika. Akabonyeza O, nayo ikafika. Alipobonyeza G, mfumo wa upande wa pili ukaanguka. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza wa mtandao huo, ulioitwa ARPANET, ulikuwa herufi mbili tu. Baadaye usiku huohuo walifanikiwa, na kufikia Desemba vituo vinne vilikuwa vimeungana.

Nyaya zao zilipitisha biti 50,000 kwa sekunde. Biti ni sifuri au moja, chembe ndogo kabisa ya taarifa. Biti nane hufanya baiti moja. Wanunuzi wa bando huchanganya vipimo hivi kila siku: kiasi cha data huuzwa kwa megabaiti, ilhali kasi hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde. Laini ya megabiti 8 kwa sekunde hupakua megabaiti moja kila sekunde. Picha ya megabaiti 4, inayotumwa leo bila kufikiri, ingechukua karibu dakika 11 kupita katika waya ule wa 1969.

Kuna jambo la mwaka huo ambalo nalithamini kuliko hata zile herufi mbili. Waliopewa kazi ya kupanga namna kompyuta zitakavyozungumza walikuwa wanafunzi wa shahada za juu, wasio na mamlaka ya kumwamuru mtu. Mmoja wao, Steve Crocker, alipoandika andiko la kwanza mwezi Aprili, aliliita kwa unyenyekevu ombi la maoni. Jina hilo likabaki. Hadi leo kanuni za intaneti huchapishwa kama maombi ya maoni, na idadi yake imepita 9,000. Yeyote duniani anaweza kuyasoma bure.

1974–1983: Lugha ya pamoja

Miaka michache baadaye kukawa na mitandao mingi, na hilo likawa tatizo jipya. ARPANET ilipita kwenye nyaya. Hawaii, Norman Abramson na wenzake walikuwa wameunganisha visiwa kwa redio. Kutokana na wazo lao, mwaka 1973 Robert Metcalfe wa maabara ya Xerox huko California alibuni Etheneti, njia ya kuunganisha kompyuta za jengo moja, ambayo bado ndiyo waya unaochomekwa nyuma ya kompyuta za ofisini. Kulikuwa na mitandao ya setilaiti. Ufaransa Louis Pouzin alikuwa na wake. Kila mmoja ulikuwa na kanuni zake.

Kanuni hizo huitwa itifaki: makubaliano ya nani aanze kuzungumza, pakiti ipangweje, na kifanyike nini ikipotea. Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha mwaka 1974 pendekezo la itifaki ya mitandao kuzungumza na mitandao mingine. Hawakutaka kuulazimisha mtandao wowote ubadilike ndani. Walitaka kila mmoja ukubali jambo dogo tu mlangoni mwake: umbo moja la pakiti na mfumo mmoja wa anwani. Baadaye kazi hiyo iligawanywa mara mbili. IP hushughulika na anwani na kuifikisha pakiti inakokwenda kadiri iwezekanavyo, bila kuahidi. TCP huhesabu zilizofika, huzipanga, na huomba tena zilizopotea. Tunapoitaja TCP/IP tunaitaja ndoa hiyo. Intaneti maana yake ni hii hasa: mtandao wa mitandao.

Mnamo Novemba 1977 gari lililobeba mitambo ya redio karibu na San Francisco lilituma pakiti zilizopita redioni, zikapita ARPANET, zikavuka bahari kwa setilaiti hadi Ulaya na kurudi California. Mitandao mitatu, itifaki moja, na hakuna kilichopotea.

Itifaki hiyo ilikubaliwa polepole. Wenye kompyuta katika ARPANET walikuwa na itifaki yao ya zamani iliyofanya kazi, na nani hupenda kubomoa kinachofanya kazi? Siku ikapangwa: tarehe 1 Januari 1983. Mwaka uliotangulia, wasimamizi waliizima itifaki ya zamani kwa siku nzima ili kila aliyezembea aone kitakachompata, kisha wakarudia kwa siku mbili. Siku yenyewe ilipofika, asiyehama alibaki nje. Wengi huihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa intaneti, nami nakubaliana nao.

1983–1997: Majina badala ya namba

Anwani ya IP ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Kompyuta huipenda, binadamu huisahau. Ndiyo maana tangu mapema kulikuwa na faili moja iliyoorodhesha jina la kila kompyuta na namba yake. Faili hiyo ilitunzwa Stanford na ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler. Aliyetaka jina aliiomba ofisi yake, nayo ikahakikisha halijachukuliwa; kisha wote wakanakili faili mpya. Kwa mamia ya kompyuta iliwezekana. Kwa maelfu isingewezekana.

Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ya vikoa, unaofahamika kama DNS. Alichofanya ni kuigawa kazi. Jina husomwa kutoka kulia: simu yako ikitafuta tovuti inayoishia na go.tz, huuliza kwanza seva za mzizi ni nani anayeijua tz. Huelekezwa kwa wasimamizi wa tz, nao huielekeza kwa wenye go, hadi aliye na namba apatikane. Kwa kawaida seva ya mtoa huduma wako hukufanyia msako huo, ikakumbuka jibu ili isiulize tena. Yote hutokea kabla ya ukurasa kuanza kuonekana.

Vikoa vya com, org, edu na vinginevyo vilianza kutumika katikati ya miaka ya 1980. Nchi zilipewa herufi mbili kutoka orodha ya viwango vya kimataifa: ke ya Kenya ilikabidhiwa mwaka 1993, tz ya Tanzania mwaka 1995. Kuna kikoa kimoja ambacho historia yake ni ya siasa tupu. Zaire ilikuwa na zr. Mobutu alipoanguka mwaka 1997 na nchi ikarudia jina la Kongo, ikapewa cd, na mwaka 2001 zr ikafutwa kabisa. Anwani zote zilizoishia na herufi hizo zikafa na jina la nchi.

1989–1993: Wavuti

Wavuti si intaneti, ingawa wengi huvitaja kama kitu kimoja. Intaneti ni njia. Wavuti ni huduma mojawapo inayopita humo, kama barua pepe, ambayo Ray Tomlinson aliituma kwa alama ya @ tangu mwaka 1971.

Tim Berners-Lee alifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Watafiti walikuja na kuondoka, na nyaraka zao zilibaki katika kompyuta zisizosomana. Machi 1989 aliandika pendekezo la kuziunganisha kwa viungo: ukigusa neno, unapelekwa kwenye waraka mwingine, popote ulipo. Kufikia mwisho wa 1990 alikuwa na vipande vyote. HTML ni namna ya kuandika ukurasa. HTTP ni itifaki ya kuuomba na kuutoa. URL ni anwani kamili ya ukurasa, ile inayoanza na http. Kivinjari ni programu inayouomba ukurasa na kuuonyesha. Leo utaona https, na herufi ile ya mwisho inamaanisha mazungumzo yamefungwa kwa usimbaji, asiyehusika asiyasome njiani.

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuitumia teknolojia hiyo bila kulipa. Mwaka huohuo kivinjari cha Mosaic, kilichotengenezwa na Marc Andreessen na Eric Bina katika Chuo Kikuu cha Illinois, kikaweka picha na maandishi katika ukurasa mmoja. Nasisitiza ule uamuzi wa Aprili, kwa sababu bila huo kila ukurasa ungekuwa na mlango wa kulipia, na sisi tungekuwa nje.

Miaka ya 1990: Modemu na dishi

Huku kwetu Afrika Mashariki barua pepe ilitangulia intaneti. Mwanzoni mwa muongo huo kompyuta za mashirika jijini Nairobi zilikusanya barua za siku, kisha zikabadilishana mzigo na kituo cha London kwa simu. Kifaa kilichowezesha hilo ni modemu, kinachogeuza biti kuwa sauti zinazoweza kupita kwenye laini ya simu, na upande wa pili kuzigeuza tena kuwa biti. Waliotumia intaneti kafe za awali bado wanaukumbuka ule mlio.

Kisha wakaja watoa huduma za intaneti, kampuni zinazonunua njia ya kwenda nje kwa jumla na kuiuza rejareja. Miongoni mwao ilikuwa Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliosoma Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Njia ya nje ilikuwa setilaiti, na bei yake ilikuwa mzigo kwa kila mtu.

2000–2002: Safari ndefu ya kwenda kwa jirani

Setilaiti za mawasiliano za aina ile hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sasa chukua wateja wawili jijini Nairobi, mmoja wa kampuni hii, mwingine wa ile. Kampuni zao hazikuwa na waya kati yao. Barua ilipanda angani, ikashuka Ulaya au Marekani, ikabadilisha mtandao, ikapanda tena na kushuka Nairobi: kilomita 144,000 kumfikia mtu wa mtaa wa pili. Kusubiri huko huitwa ucheleweshaji. Ni tofauti na upana wa njia, yaani kiasi cha biti kinachopita kwa sekunde. Unaweza kuwa na njia pana na bado ukasubiri.

Dawa yake ni kituo cha kubadilishana data: chumba kimoja, swichi moja, kila mtoa huduma analeta waya wake, na data za humu nchini zinabaki humu. Chama cha watoa huduma cha Kenya, TESPOK, kilifungua kituo cha KIXP mwezi Novemba 2000. Wiki chache baadaye kikafungwa. Telkom Kenya ilikuwa na haki ya pekee ya kupitisha data za kimataifa, ikalalamika kwamba kituo kinavunja haki hiyo, na mdhibiti wa mawasiliano akaamuru kizimwe. Watoa huduma walieleza kwamba data za jirani kwa jirani si za kimataifa hata kidogo. Wakaenda kwenye baraza la rufaa, wakajadiliana kwa muda mrefu. Februari 2002 kituo kilifunguliwa tena kikiwa na leseni. Ucheleweshaji wa zaidi ya sekunde nzima ukashuka chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka 2004 Dar es Salaam nayo ikapata kituo chake.

Kisa hiki naona kinastahili kufundishwa shuleni. Mitambo ilikuwapo na ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa.

2009–2010: Mkongo

Pwani hii iliwahi kuwa na kebo ya baharini muda mrefu kabla. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern Telegraph ilitandaza waya wa telegrafu kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji na Durban. Lakini enzi ya nyuzi za kioo ilipoanza, Afrika Mashariki ilipitwa. Pwani ya magharibi ya bara ilikuwa na kebo tangu 2002. Sisi tulibaki na dishi.

Tarehe 23 Julai 2009 kebo ya SEACOM ikawashwa, ikigusa Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS, iliyosukumwa na serikali ya Kenya, ikaunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu. EASSy ikafuata mwaka 2010, kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Ndani ya nyuzi hizo nyembamba husafiri mwanga, kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 10,000 huisha kwa sehemu ya ishirini ya sekunde. Tanzania ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani njia kuu ya nyuzi hizo nchi kavu, kuelekea mipakani, kwa sababu Rwanda, Burundi na Uganda hazina bahari na lazima zipite kwa jirani.

2011 na baada yake

Anwani zile za namba nne ni kama bilioni 4.3 tu. Februari 2011 akiba kuu ya dunia iliisha. Mbinu mbili zinatuvusha. Ya kwanza ni kushirikiana: ruta ya nyumbani huvipa vifaa vyako namba za ndani, mara nyingi zinazoanza na 192.168, kisha huviwakilisha vyote nje kwa anwani moja. Ya pili ni IPv6, yenye anwani ndefu na nyingi kiasi ambacho hakuna atakayezimaliza, iliyozinduliwa rasmi duniani Juni 2012 na ambayo bado haijaenea kila mahali.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Wazo la Baran na Davies lilikuwa kwamba pakiti ikikuta njia imefungwa itafute nyingine, na ruta zilifanya hivyo siku ile ndani ya muda mfupi. Lakini ruta haiwezi kupitisha pakiti mahali ambapo mtoa huduma hajalipia nafasi. Waliokuwa wamenunua nafasi katika kebo za kuelekea kaskazini waliendelea, ingawa taratibu. Wasiokuwa nayo walianza kuitafuta asubuhi ile, kampuni kwa kampuni, mkataba kwa mkataba.